Nani Atabaki na Shule

Mtu aliyeniambia nitakaimu kwa muda mfupi tu ameshastaafu, amerudi kwao Newala, amejenga, na nasikia mikorosho yake inazaa. Mimi bado nakaimu.

Naitwa Benedikta, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kariakoo. Wazazi wengi hunijua kwa jina la Mama Allen. Shule yenyewe ukipita haraka huioni, maana ukuta wake wote umeegemewa na meza za wamachinga, na geti limebanwa kati ya duka la vitenge na duka la masufuria. Wageni hulipita wakafika mpaka Msimbazi, ndipo wanapiga simu kuuliza. Ndani tuna watoto kuliko madawati, wa asubuhi na wa mchana, vyoo vinavyoziba kila baada ya siku chache, na walimu wazuri waliochoka. Mwalimu mkuu hatuna. Tuna mimi.

Kukaimu, kwa asiyejua, ni kubeba kazi yote ya mwalimu mkuu bila kuwa mwalimu mkuu. Ofisini, juu ya kabati, kuna ubao wa bluu wenye majina ya walimu wakuu wote tangu shule ilipoanza. Kaimu haandikwi. Chini ya jina la yule wa Newala pako wazi, na pale wazi ndiyo mimi, miaka yote hii ya kufungua geti alfajiri na kugombana na madereva wa fuso wanaoshusha mzigo mbele ya watoto. Kuna siku natazama pale nacheka. Siku nyingi natazama nakasirika, halafu mtu anagonga mlango kusema maji yamekatika.

Siku hizi ili uthibitishwe lazima uwe umepitia mafunzo ya uongozi. Zamani mwalimu mzuri alipandishwa tu, akajifunza ukuu humo humo ndani ya ukuu, akiharibu anatengeneza. Sasa kuna chuo. Unakwenda, unakaa huko mwaka, unafundishwa kupanga, kusimamia watu, kuzungumza na wazazi, sheria za kazi, na mambo mengine ambayo mimi nayafanya kila siku kabla ya saa nne asubuhi. Sibezi. Nataka sana kwenda. Mengi nayafanya kwa kubahatisha, na ningependa kabla sijazeeka mtu mmoja anikalishe chini aniambie lipi nilifanya sawa na lipi niliharibu.

Kwenda chuo kunahitaji ruhusa ya mwajiri. Mara ya kwanza nilipoomba, ofisi ya elimu ilinijibu kwa swali: nani atabaki na shule? Mara ya pili swali lilikuwa lile lile, aliyeliuliza ndiye alikuwa mpya. Kwa hiyo siwezi kuthibitishwa kwa sababu sijasoma, na siwezi kusoma kwa sababu nakaimu. Niliwahi kumweleza mume wangu jambo hili mezani. Akaniomba nirudie, nikarudia, akasema nile kwanza.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Wanaosoma chuo kile huletwa mashuleni kujifunza kwa vitendo, na wengi huletwa kwangu. Wanakaa pembeni ya meza yangu wanatazama ninavyoongoza kikao, ninavyomtuliza mzazi aliyekuja na hasira za dukani, ninavyopanga ratiba ya zamu mbili kwenye madarasa ya zamu moja. Nawafundisha kwa moyo, Mungu anajua. Wanaondoka, wanapata vyeti, wanapewa shule. Kasmir, aliyekuwa haongei mbele ya walimu bila kutetemeka, leo ni mwalimu mkuu Buguruni. Samson yeye amepita hata hapo, sasa ni afisa elimu wa kata yetu. Ndiye ninayemwomba ruhusa.

Mwaka huu halikuwa tena suala la kusubiri. Chuo kiliweka ukomo wa umri kwa waombaji, na mwaka ujao nitakuwa nimeuvuka. Ama nakwenda sasa, ama nabaki kuwa sehemu isiyoandikwa mpaka nistaafu, na siku yoyote kabla ya hapo ataletwa kijana mwenye cheti, nitamkabidhi ofisi, nitarudi kusahihisha madaftari ya darasa la nne kama mtu ambaye hajawahi kufanya lolote. Wazo hilo lilikuwa likiniamsha alfajiri kabla ya adhana.

Msaidizi wangu, Mwalimu Amira, aliomba wakati mmoja na mimi. Yeye ni mtu wa Kilwa, mdogo kwangu kwa miaka mingi, mpole wa sauti, mkali wa macho. Tunataniana kila siku. Yeye husema hajawahi kuona Mchaga wa ajabu kama mimi, nimekaa Kariakoo miaka yote hii sina hata kibanda cha kuuza betri. Mimi humwambia watu wa kwao hata wakikimbia hawatoki jasho. Ruhusa yake ya chuo ilitoka asubuhi moja tu. Hakuna aliyeuliza nani atabaki na vipindi vyake. Nilifurahi kwa ajili yake, kisha nikaingia ofisini nikafunga mlango, kwa sababu sikutaka aone uso wangu.

Nilipompelekea Samson ombi la tatu, alisimama kunipokea.

"Shikamoo, mwalimu wangu."

"Marahaba, Samson. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Kaa, kaa." Alisogeza kiti mwenyewe. Alisoma ombi langu taratibu, ingawa alijua limeandikwa nini. "Mama, mimi nikikutoa pale, kesho yake simu zote zinakuja kwangu. Choo, geti, wamachinga. Nani atabaki na shule?"

"Walimu wapo."

"Wapo, najua. Lakini anayeijua ile shule ni wewe."

"Mimi nilizaliwa naijua?"

Akacheka kwa adabu. Nilimfundisha mwenyewe kucheka hivyo anapokuwa hana jibu. Kisha akaniambia tufanye jambo moja. Niitishe kikao cha wazazi na kamati, yeye atakuja. Wakimhakikishia kwamba shule itakuwa salama nikiwa chuoni, atasaini siku hiyo hiyo, na wakubwa wake hawatakuwa na la kusema.

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Kikao nakiweza. Na kwetu ukitaka jambo lako lipite mbele ya wakubwa, husemi mwenyewe, unasemewa. Ukiposa unasemewa, ukikosa unasemewa, ukitafuta kazi unasemewa. Basi jioni ile nikazunguka madukani kutafuta wa kunisemea.

Nilianza kwa Mzee Mwinyimvua, mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye ndiye mwenye duka la vitenge pale getini. Alikuwa amekaa juu ya belo, anakunywa kahawa.

"Mwalimu, hilo tu?" alisema. "Tutakusemea mpaka yule kijana aone haya."

Nikaenda kwa Mama Lucky wa masufuria, mama wa Kichaga kama mimi, anayefunga hesabu zake kichwani wakati anaongea na wateja watatu. Akaniambia niende nikalale, siku ya kikao ataongea yeye. Nikamwambia na Mwalimu Hafidhi, anayefundisha hisabati, naye akakubali kusema kwa niaba ya walimu. Nilirudi shuleni nimeridhika, nikamsimulia Amira.

"Umewaambia waseme nini?" akauliza.

"Waseme vizuri."

"Vizuri kiasi gani?"

Nilidhani ananitania kama kawaida yake. Nikamwambia vizuri mpaka mwisho, naye akaendelea kukata karatasi za mtihani.

Kikao tulikiweka Jumapili mchana, siku pekee ambayo mzazi wa Kariakoo anaweza kukaa bila kutazama mlango wa duka. Viti vya plastiki tulikodi kwa jirani, tukavipanga uwanjani upande wenye kivuli. Walikuja wengi. Wengine walitoka kanisani na nguo zao nzuri, wengine walikuja na kanzu, na kulikuwa na kina mama waliokuja na biashara zao kwenye ndoo, wakaziweka miguuni wakazifunika. Niliwatazama nikajisikia vizuri kuliko nilivyojisikia kwa muda mrefu. Watu hawa walikuja kwa ajili yangu.

Samson alieleza jambo lake kwa ufupi. Ofisi haina kinyongo na Mwalimu Benedikta kwenda kusoma. Ofisi inataka kusikia kutoka kwao kuhusu shule. Akatoa kalamu, akafungua daftari.

Mzee Mwinyimvua alisimama wa kwanza. Alisema mwalimu huyu ni jembe. Alisema kabla yangu geti hili lilikuwa kituo cha fuso, na kwamba ni mimi niliyekwenda kwa matajiri wa mizigo mmoja mmoja nikawabembeleza, na hadi leo madereva wakiona gauni langu wanawasha gari wenyewe. "Mwingine hawezi," alisema. "Mimi mwenyewe ni mwanamume, nilijaribu nikatukanwa."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Samson akaandika.

Akasimama Mama Lucky. Alieleza jinsi mwanawe alivyopotea sokoni msimu wa sikukuu, na jinsi nilivyokataa kwenda nyumbani mpaka alipopatikana mtaa wa Gerezani akila muhogo na watu asiowajua. Alisema wao wanauza mpaka giza linaingia kwa sababu wanajua mama yupo. "Huyu mama akiondoka, mimi mwanangu namrudisha Moshi kwa bibi yake. Nasema ukweli."

"Kweli," wakaitikia wengine.

Akasimama Hafidhi. Alisema walimu wakikwama wanakimbilia kwangu. Vipindi, mitihani, ugomvi wa walimu, mgonjwa, msiba, yote ni kwangu. Alisema shule hii ukimtoa Mwalimu Benedikta ni kama umetoa nguzo, paa lote linakuja chini.

Wakaendelea. Mwingine, na mwingine. Nimekwenda misiba mingi mjini hapa, na sijasikia marehemu akisifiwa vile. Mwanzoni nilikuwa nainamisha kichwa kwa aibu ya furaha. Halafu nikamtazama Samson. Alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa amefunika kalamu yake, ameiweka juu ya daftari, na ananitazama kwa huruma.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila aliyesimama alikuwa ananisukuma ndani na kufunga mlango, na ni mimi niliyezunguka madukani kuwaomba. Amira aliniuliza vizuri kiasi gani na sikumsikia. Nilitaka kulia, na nilitaka pia kumvua Hafidhi kiatu nimpige nacho yeye na nguzo yake.

"Kwa hiyo mnaniambia," Samson alisema polepole, "bila Mwalimu Benedikta shule hii haiendi."

"Haiendi," walisema wote, kwa sauti moja, wakapiga makofi marefu. Mama Lucky alinigeukia akatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi aliyotumwa.

Nilikaa. Nilihisi uchovu ule wa miaka yote ukinishukia kwa pamoja, mabegani na magotini, nikawaza kwamba kesho ni Jumatatu na fundi wa choo hajaja.

Ndipo Amira akanyoosha mkono. Samson alimpa nafasi bila kumtazama sana. Alishaamua.

"Mheshimiwa afisa, kamati, wazazi," Amira alisema. "Mtanisema vibaya baadaye. Sasa naomba mnisikilize. Haya mliyoyasema ni kweli, na ubaya uko hapo hapo. Shule hii inajulikana na mtu mmoja. Kwa nini? Kwa sababu huyo mtu mmoja hataki sisi wengine tuijue. Mimi ni msaidizi wake. Niulizeni nimewahi kuongoza kikao gani. Leo ndiyo mara ya kwanza nasimama mbele yenu, na nimesimama bila kumwomba."

Mtu alicheka kule nyuma, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Ratiba anapanga yeye. Wazazi anawapigia yeye. Fundi akija haongei na mtu mwingine. Mwaka jana alilazwa, tukampigia simu akiwa na dripu mkononi kumuuliza mitihani ya majaribio ameiweka wapi. Si kwamba tulishindwa kuitafuta. Ukiitafuta bila kumuuliza, atakusema mbele ya darasa la saba. Mwalimu Hafidhi, nasema uongo?"

Hafidhi alitazama viatu vyake. Kila mtu alimwona.

Mama Lucky alisonya kwa nguvu. "Wivu huu," alisema. Mzee Mwinyimvua akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mimi damu ilinipanda mpaka masikioni. Mtu niliyekula naye sahani moja, niliyekwenda kumzika baba yake Kilwa, anasimama mbele ya wazazi wote kunivua nguo. Nilinyanyuka nusu kutoka kwenye kiti. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na nilikuwa nimechagua yale yanayouma.

Amira alinitazama mara moja tu, kwa yale macho yake. Hakukonyeza, hakutabasamu. Alinitazama kama ninavyomtazama mtoto anayetaka kujibu kabla swali halijaisha. Kisha akaendelea.

"Mnasema bila yeye shule haiendi. Akistaafu, mtafunga geti? Akianguka hapo nje kesho, watoto warudi nyumbani? Sisi tunaweza. Tunazuiwa kuweza. Sasa mtu wa namna hiyo dawa yake ni nini, mheshimiwa? Mkimwacha hapa, mwaka ujao mtakuta hivi hivi. Mtu asiyejua kugawa kazi anapelekwa chuo akafundishwe kugawa kazi. Si ndiyo maana chuo kipo? Na akiwa huko shule itakwenda. Huenda ikaenda kwa raha zaidi."

Nikakaa chini tena.

Huko mtaani muuza ice cream alipita na muziki wake. Samson aliokota kalamu, akaifunua. Niliuona uso wake ukibadilika, nao ni uso ninaoujua vizuri, nilikaa nao meza moja. Mtu asiye na kasoro, Samson asingeweza kumpeleka kusoma; wakubwa wangemuuliza kwa nini anabomoa shule inayokwenda. Mtu mwenye kasoro, sasa alikuwa na mahali pa kumwandika.

"Mwalimu Benedikta," alisema. "Umesikia. Haya ni kweli?"

Wazazi wote walinigeukia. Walikuwa wananisubiri niwake moto, na walikuwa upande wangu, tayari kupiga makofi. Nilikuwa na majibu. Ningesema mtihani ukivuja anayeitwa ofisini ni mimi. Ningesema niliwahi kumwachia mtu kikao na kikaisha kwa ngumi. Ningesema mtu anayebeba peke yake kwa miaka mingi mwishoni hajui tena kuomba kusaidiwa. Yote hayo yangekuwa sahihi, na kila moja lingenibakiza pale pale.

"Kweli," nikasema.

"Samahani, mwalimu, sikusikia."

"Ni kweli. Sijui kugawa kazi. Walimu wangu nimewabana."

Niliposema hivyo kwa mara ya pili, katikati ya sentensi niligundua kwamba siigizi. Nilimwona Hafidhi akiinua kichwa. Nilimwona mwalimu mwingine, binti mgeni aliyeletwa mwaka huu, akipumua.

Samson aliandika kwa muda. "Basi," alisema, "hapa naona tatizo si kumpeleka, tatizo ni kutompeleka. Ofisi itaridhia aende mafunzoni, awamu hii. Nasaini leo." Watu walianza kunong'ona. Akainua mkono. "Na kwa kuwa Mwalimu Amira ametuhakikishia kwamba shule itakwenda, nadhani ni haki aishike yeye. Atakaimu."

"Mimi nina ruhusa ya chuo," Amira alisema. Alisema haraka, kabla hajajizuia. "Awamu hii hii."

"Naijua, nimeisaini mimi. Itasubiri. Wewe bado kijana, mwalimu. Hatuwezi kuwatoa wawili. Nani atabaki na shule?"

Nilisimama. Nilisema, "Hapana, Samson, hilo halikuwa," na Amira akanikata kauli. "Sawa, mheshimiwa," alisema, akakaa. Akajifunga mtandio wake upya, taratibu, akiwa ameinamisha uso, na alipomaliza alikuwa mtu wa kawaida tena.

Kikao kilifungwa kwa dua na sala, moja baada ya nyingine kama desturi yetu. Wazazi walinipita wakanishika mkono. Mama Lucky aliniambia kwa sikio kwamba nyoka ni huyo, nisile chakula chake. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Nilimfuata Amira hadi kwenye veranda ya darasa la pili, akawa anakunja karatasi ya mahudhurio bila sababu.

"Ulijua kwamba atakukaimisha?" nikamuuliza.

"Nilijua nikiwa katikati. Kabla ya hapo nilikuwa nafikiria wewe tu."

"Ungekaa."

"Nikae? Nimwache Hafidhi na nguzo yake?" Alicheka kidogo, kwa pua. "Wewe mwaka ujao hupokelewi. Mimi mwaka ujao bado nitapokelewa. Hesabu yenyewe ni hiyo."

"Na yale uliyosema?"

"Yapi?"

"Amira, usinizungushe. Yale yote. Ya mitihani, ya kuwasema mbele ya watoto. Uliyatunga?"

Alinitazama. Nilitaka aseme ndiyo. Sijui kama nimewahi kutaka neno moja kutoka kwa mtu kama nilivyolitaka lile.

"Mengine," alisema. "Usiniulize leo yapi. Nenda chuo kwanza."

Kabla sijamjibu palitokea zogo uwanjani. Wenye viti walikuwa wamekuja na guta lao la magurudumu matatu kuvichukua, wanadai kuna harusi Magomeni inavisubiri, na wazazi wengi walikuwa bado wamekaa wanaongea, hawana haraka, wengine wameweka ndoo za biashara juu ya viti. Kijana wa guta alishamwinua bibi mmoja kwa nguvu, na mjukuu wa bibi alikuwa anakunja mikono ya shati. Miguu yangu ilianza kwenda yenyewe. Amira alinishika mkono, akanirudisha nyuma, akaenda yeye.

Sikusikia alichosema. Nilimwona akimpa bibi pole na kumkalisha kwenye benchi la darasani. Nilimwona akimpa yule mjukuu kazi ya kuhesabu viti, akamgeuza kutoka mgomvi kuwa msimamizi. Wazazi wa upande wa kulia aliwahamishia kwenye ngazi, kina mama wenye ndoo akawaambia soko limehamia getini, wakacheka wakainuka. Haikuchukua muda. Guta likajaa, likatoka, na hakuna aliyepigwa.

Kazi ile ilikuwa safi, na sikuwahi kumwona akiifanya, kwa sababu sikuwahi kumpa nafasi aifanye. Hilo nalo nililisikia vizuri kifuani.

Mzee Mwinyimvua alikuwa amesimama karibu yangu muda wote, mikono nyuma. Yule yule ambaye alikuwa anamtikisia kichwa.

"Mwalimu," aliniambia, akimwelekeza Amira kwa kidevu. "Maneno yake sikuyapenda. Lakini tuseme ukweli, huyu naye ni jembe." Akamwita kwa sauti uwanja mzima usikie. "Mwalimu Amira. Wewe tumekupata, hatukuachii tena kwenda popote."

Waliobaki walipiga makofi. Mama Lucky naye alipiga, mawili matatu, ya shingo upande.

Amira alirudi veranda akijifuta jasho kwa ncha ya mtandio. Alisimama kando yangu, tukawa tunawatazama wanavyotoka getini mmoja mmoja, wakimpungia mkono yeye sasa, si mimi.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Wameshaanza." Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kunigeukia, "Ukimaliza chuo, dada, usisubiri wakupangie shule yako kwanza. Njoo kwanza hapa. Waite wote, umwite na Samson. Halafu usimame mbele yao, unitukane kama nilivyokutukana leo."

Nikamwambia nitakuja. Tulikuwa tumezoea kucheka baada ya maneno kama hayo, lakini hakucheka, na mimi nikaanza kufikiria nitasema nini.